Siku ya kufunga, je, mbwa naye afunge?



Siku ya posho iliyopita, tulipokuwa tunangojea wenzetu wa likelemba wafike, mazungumzo yaliingia kwa mbwa. Mama mmoja alituambia kwamba mdogo wake wa Lubumbashi ana mbwa mkubwa wa kizungu, na amesoma kwenye simu kwamba ni vizuri kumnyima mbwa chakula siku moja kila juma, ili tumbo lake lipumzike. Mwingine akajibu: "Wangu anafunga siku tatu kila juma, na hajasoma simu hata siku moja!" Tulicheka sana. Lakini yaya mmoja wa kikundi cha maombi hakucheka. Aliuliza kwa moyo wote: kumfungisha mbwa ni faida kwake, au ni dhambi kwetu? Kila mtu akatoa lake, wenzetu wakafika, tukahesabu pesa, na swali likabaki pale pale.

Mimi nilinyamaza siku ile. Jibu langu ni refu, na ndani yake mna aibu. Ndiyo maana naliandika hapa.

Nyumbani kwetu huku Manika tuna mbwa mmoja dume anayeitwa Tutaona. Jina hilo alipewa na baba watoto wakati tulipokuwa tunajenga, kwa sababu kuna watu waliokuwa wakipita mbele ya lupango na kusema kwamba nyumba ile haitafika kwenye mabati. Basi kila jioni mume wangu alisimama mlangoni na kumwita mbwa kwa sauti kubwa: "Tutaona! Tutaona!" Mabati yalifika, na jina lilibaki.

Tutaona si mbwa wa kubembelezwa. Ni mlinzi. Baba watoto anafanya zamu za usiku mgodini, na umeme ukikatika mimi na watoto tunabaki gizani. Siku hizo masikio ya mbwa ndiyo usalama wetu. Chakula chake ni kile ambacho mbwa wengi wa Manika wanakula: bukari iliyobaki, mchuzi kidogo, kichwa cha samaki tomsoni kama kipo.

Sasa, mimi ni mtu wa maombi. Kwa muda wa miaka mingi nimefunga siku ya tatu na siku ya tano, tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Watoto hawafungi, lakini siku hizo hawapikiwi. Wanakunywa chai na mkate asubuhi, wanakula mkate au vitumbua wakitoka masomo, na mbabula inawashwa jioni tu. Pasipo chungu cha mchana hapana mabaki. Na chakula cha jioni cha siku ya kufunga, ninyi wenyewe mnajua, kinakombwa mpaka sufuria inang'aa. Kwa hiyo mbwa alikuwa akilala bila kitu.

Je, niliona kwamba anakaa na njaa? Niliona. Lakini nilikuwa na majibu tayari. La kwanza ni lile ambalo wanaume wanapenda kulisema: mbwa mwenye njaa analinda vizuri, aliyeshiba analala. La pili nililitoa katika Biblia. Katika kitabu cha Yona, mfalme wa Ninawi alipotangaza mfungo, aliamuru hata wanyama wasionje kitu. Nilisema kwa mzaha kwamba nyumba yetu ni Ninawi ndogo. Watu walicheka, nami nikaona jambo limekwisha.

Jambo halikuwa limekwisha. Tutaona alikuwa amechimba chini ya mlango wa lupango, mahali ambapo maji ya mvua yanapita. Siku za kawaida alilala kivulini. Siku za kufunga alitoka. Mara ya kwanza alirudi usiku na mfuko mweusi mdomoni, asubuhi akatapika mifupa ya kuku na vipande vya plastiki. Niliziba shimo kwa tofali. Alichimba lingine.

Kisha ikaja siku ya tano moja, mchana. Mtoto wa jirani, msichana wa miaka saba, alikuwa anapita na vitumbua ndani ya karatasi. Tutaona alivirukia. Hakumwendea mtoto, aliendea vitumbua, lakini jino halichagui. Lilimpasua mkono karibu na kidole gumba. Mimi nilikuwa chumbani nikiomba. Nilisikia kilio, nikajua kabla ya kutoka.

Namshukuru Mungu kwamba mama mmoja wa barabara yetu alikuwa amefundishwa. Alitukataza kuweka majivu, mafuta au dawa ya majani. Alisema: maji mengi na sabuni, dakika kumi na tano bila kuacha. Tuliosha kidonda chini ya maji yanayomiminika huku mtoto akilia na mama yake akimshika. Halafu tukaenda kwenye kituo cha afya, na alianza kuchomwa sindano siku ile ile. Muuguzi aliuliza kuhusu mbwa: ana chanjo? Nilitafuta kartasi yake. Muda wa chanjo ulikuwa umepita.

Wamama, mnajua kile tulichokuwa tunaogopa. Kichaa cha mbwa, ambacho wengine wanaita raji, mtu akishaanza kuonyesha dalili zake karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo, 99 kwa 100, wameupata kwa mbwa, na kwamba watoto wa chini ya miaka 15 ni karibu 40 kwa 100 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao. Sindano zikianza mapema na kidonda kikioshwa vizuri, mtu anaokoka. Lakini moyo wa mama haupimwi kwa mahesabu.

Mbwa alipaswa kufungwa kamba na kuangaliwa siku kumi. Kama alikuwa na ugonjwa kwenye mate siku ile aliyomuuma mtoto, katika siku hizo angeonyesha dalili au angekufa. Munganga wa wanyama alikuja, akamtazama, akatuambia tuchunguze mambo haya: anabadilika tabia? anatoa mate mengi? anashindwa kumeza? anakataa chakula?

Hapo ndipo nilipopata aibu yangu. Siku ya kwanza na ya pili nilimwekea chakula, akala kama moto. Siku ya tatu asubuhi alinusa bukari, akaigeuzia mgongo. Magoti yangu yalilegea. Munganga aliniuliza kwa simu: "Kwa kawaida anakulaga saa ngapi, na kiasi gani?" Sikuweza kujibu. Tutaona hakuwa na saa, wala hakuwa na kiasi. Kwa miaka yote ile sikuwahi kujua kama mbwa wangu amekataa chakula kwa sababu anaumwa, au kwa sababu ameokota kitu mahali, au kwa sababu hakuna mtu aliyempa. Mbwa anayekula kila siku kwa saa yake, siku akikataa anakuambia jambo. Wangu nilikuwa nimemnyang'anya njia ya kuniambia.

Jioni alikula. Siku kumi zilipita, alikuwa mzima. Mtoto naye alipona, ana alama ndogo tu mkononi. Lakini sitasahau neno ambalo mama yake aliniambia siku ya sita, bila hasira, tukiwa tumekaa pamoja kwenye benchi tukingojea sindano: "Mulifunga ninyi, mama, lakini aliyelipa ni mtoto wangu."

Siku ile munganga alipokuja kwa mara ya mwisho, nilimuuliza swali lile lile ambalo yaya wetu aliuliza kwenye likelemba. Alinijibu kwa subira, na baadaye nilisoma zaidi mimi mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kusema kweli, siku moja bila chakula haimuui mbwa mzima mwenye afya, ikiwa maji safi yapo. Mwili wake una akiba ya sukari ndani ya ini, na hiyo ikipungua anachoma mafuta yake. Mababu zake, mbwa mwitu wa nchi za baridi, walikula sana siku ya kupata nyama, kisha walingoja. Hata kwenye bustani nyingi za wanyama huko ng'ambo, simba anapewa siku moja ya kukaa bila nyama kila juma. Basi mdogo wa mama yule wa Lubumbashi hakusoma uongo mtupu.

Kuna pia uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2022, uliohusu mbwa zaidi ya 24,000. Wale waliokula mara moja kwa siku walionekana kuwa na magonjwa machache kuliko wale waliokula mara nyingi. Lakini wenye kuuandika walionya wenyewe kwamba hilo halionyeshi kwamba kula mara moja ndiko kulikoleta afya. Labda mbwa wagonjwa ndio wanaopewa chakula mara kwa mara. Na tena, mara moja kwa siku ni kila siku. Si siku nzima bila kitu.

Uchunguzi ulionigusa zaidi ni mwingine, wa mwaka 2002. Walichukua mbwa 48 wa aina ya Labrador, wakawagawanya wawili wawili tangu wakiwa wadogo. Katika kila jozi, mmoja alipewa chakula pungufu ya robo kuliko mwenzake, kila siku, maisha yake yote. Wale wa kipimo kidogo waliishi karibu miaka 13, na wenzao karibu miaka 11. Hakuna aliyefungishwa. Walipimiwa tu. Mimi nilipolisoma nilifikiria jina la siku ambayo tunakutana, siku ya posho. Wazee wetu kwenye kampuni walipokea posho yao kila juma, kwa kipimo, na mama wa nyumba alijua namna ya kuigawanya ili ifike. Mbwa naye anahitaji posho yake.

Basi kama mbwa amenenepa, mpaka mbavu hazisikiki chini ya mkono, munganga hasemi umfungishe siku ya tano. Anasema umpunguzie kidogo kila siku na umtembeze. Na mbwa wengi wa Manika, niwaambie nini? Mbavu zao hazihitaji hata mkono, zinaonekana kwa macho. Kuwazungumzia siku ya kupumzisha tumbo ni kama kumwambia mchimbaji wa mikono apumzike kula nyama nyingi.

Pili, wako mbwa ambao hawawezi kabisa kukaa siku bila chakula. Kitoto cha mbwa hakina akiba. Kikikosa chakula saa chache tu, sukari ya damu inaweza kushuka, kinalegea, kinatetemeka, kinakufa. Mbwa mwenye mimba au anayenyonyesha, yeye anakula kwa ajili ya wengi. Sisi wamama hatuhitaji kufundishwa hilo. Mbwa mzee, aliyekonda, mgonjwa, au anayemeza dawa, naye usimguse bila kumuuliza munganga. Wale wadogo wadogo wa kizungu vilevile.

Tatu, kuna jambo la kutapika na kuhara. Zamani waganga wa wanyama walikuwa wakisema mbwa akitapika azuiliwe chakula siku nzima. Leo wengi wanapenda kumpumzisha saa chache, kisha kumpa kidogo kidogo chakula chepesi, kama mchele uliochemshwa na kuku asiye na mifupa, bila chumvi wala mafuta. Akitapika tena na tena, akiwa na damu, au akiwa mtoto, usingoje.

Nne, kosa ambalo mimi nilikuwa nalifanya bila kujua: kufidia. Siku ya posho asubuhi, kwa huruma, nilikuwa nampa Tutaona sahani mbili kwa mara moja. Mbwa mwenye njaa anameza haraka, na hewa inaingia pamoja na chakula. Kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama wale wa Ujerumani wanaolinda makampuni, tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda. Hilo linaua katika saa chache. Munganga alisema: ukimkosesha, usimlipe kwa mara moja.

Na kuhusu lile neno la wanaume, kwamba njaa inafanya mbwa kuwa mlinzi mzuri, mimi nina ushuhuda. Njaa ilimtoa mlinzi wangu ndani ya lupango. Nyumba ilibaki bila mbwa, na barabara ikapata mbwa mwenye njaa. Mwizi mwenye kipande cha nyama mkononi angempita Tutaona bila shida yoyote.

Linabaki swali la dhambi. Mimi si mchungaji. Lakini nilirudi kwa Yona, nikakisoma kitabu mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwa nimelifanya nilipokuwa natania. Katika mlango wa mwisho, Mungu anamwambia Yona kwamba anauhurumia mji ule kwa ajili ya watu wake wengi, na pia kwa ajili ya wanyama wake. Kitabu kinamalizikia hapo. Na Mezali inasema kwamba mtu wa haki anaangalia maisha ya mnyama wake. Rafiki yangu mmoja Mwislamu aliniambia kwamba hata katika Ramadani wao wanafunga lakini mnyama analishwa, na kwamba Mtume alisimulia juu ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alishuka kisimani akamletea mbwa mwenye kiu maji ndani ya kiatu chake.

Mimi ninafunga kwa sababu nimechagua. Ninajua kwa nini, na ninajua jioni itafika. Tutaona hakuchagua, hajui kwa nini, na kwake kila njaa haina mwisho. Mfungo wangu nilimbebesha yeye, naye akaupeleka kwa mtoto wa watu.

Sasa kwetu ni hivi. Bado ninafunga siku ya tatu na siku ya tano. Lakini jioni ya kabla yake, kabla ya watoto kula, ninatoa sehemu ya mbwa na kuifunika pembeni: bukari, kichwa cha samaki au ndakala kidogo, bila kitunguu, kwa sababu kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, na bila mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu inapasuka kama sindano. Anapewa asubuhi na jioni, nusu kwa nusu, kwa saa ile ile. Kijana wangu ndiye mwenye zamu, na anaangalia kama sahani imebaki na kitu. Maji yako kwenye ndoo kila wakati. Shimo la mlango limezibwa kwa simenti, na kartasi ya chanjo ninaiweka pamoja na kartasi za watoto, ili mwaka ukifika niione. Si gharama kubwa. Ni ngumi mbili za bukari na kukumbuka.

Yaya yangu wa maombi, wewe uliyeuliza na hatukukujibu, jibu langu ni hilo. Kama una mbwa mzima, mnene, aliye ndani ya lupango lililofungwa, mwenye maji, na siku moja chungu kikachelewa, usilie, hatakufa. Lakini usimfanyie desturi, wala usiiite faida. Na kama mbwa wako anatoka nje, basi njaa yake si yako peke yako. Inatembea barabarani, na saa sita mchana watoto wanatoka masomo.

Tutaonana siku ya posho. Yule ambaye mbwa wake hana chanjo, aniambie, tutafute pamoja siku ya kumwita munganga aje kwa wote. Mungu awabariki.